Familia Iliyohamia Alaska

Sardis Fork, Alabama
22 Januari 2012

Binti yangu Lavonda,

Nakusalimu kwa mkono uleule uliokuchapa mwaka ule ulipomnyoa mbuzi wa mchungaji. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeanza kujiamulia mambo yake bila kunishirikisha. Wewe je, mgongo? Mjukuu wangu Karanga, kikohozi kimemwisha? Mama yako huko mbinguni aliko, nina hakika bado ananiombea nifunge mdomo.

Barua yako ya Krismasi niliipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Kuna kitu sijakielewa. Unasema unamwingiza mtoto kwenye bahati nasibu ili apate shule. Vonda, mimi nimecheza bahati nasibu maisha yangu yote, na nilichowahi kushinda ni paja la nguruwe pale kanisani, nalo lilikuwa limeshaanza kunuka. Sasa mjukuu wangu wa miaka mitano achezewe kamari? Hiyo shule ni ya serikali au si ya serikali? Kama ni ya serikali, si mlango uko wazi? Kama si ya serikali, ada utaitoa wapi wewe, unayefua mashuka ya wagonjwa kutwa nzima?

Nieleze polepole, kama unavyomweleza mtu aliyeishia darasa la sita, maana ndiye mimi. Zama zetu mtoto mweusi hakuhitaji bahati ili aingie shule. Aliihitaji ili abaki, pamba ikishafunguka na mikono ya kuchuma ikitakiwa.

Najua utasema, "Baba, si upige simu tu." Kwenye simu tukigombana unanikatia. Kwa barua tunagombana taratibu, na kila mtu anamaliza sentensi yake.

Mbusu Karanga kwenye paji la uso, pale pasipo na jamu.

Baba yako,
Ezell


Filadelfia
4 Februari 2012

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, kikohozi kimeisha, mgongo ni uleule. Goti lipake mafuta aliyokuachia Mama, acha kulisema tu.

Naandika nikiwa kwenye basi, kwa hiyo usicheke mwandiko. Shule yenyewe inaitwa Lantern Hill. Ni ya serikali kwa maana kwamba hatulipi, serikali ndiyo inatoa fedha, lakini ina wakubwa wake wenyewe wanaoiendesha kwa mkataba. Haichukui watoto wa mtaa mmoja tu. Mtoto yeyote wa mji huu anaweza kuomba, na ndiyo maana hatutoshi. Hawatoi mtihani, hawaangalii nani ana akili wala nani ana jina. Unajaza fomu kabla ya mwisho wa Februari, siku ikifika wanatia majina yote kwenye pipa la kuzungusha na kuchomoa mbele ya watu. Wenye kaka au dada ndani ya shule wanapita kwanza, hawaingii pipani. Waliobaki ndio sisi. Watakaokosa wanapangwa kwenye orodha ya kusubiri, kwa namba.

Kwa nini nahangaika? Chekechea ya mtaani inafunga saa nane na nusu mchana, mimi natoka kazini saa kumi. Asubuhi Bi Bernadine wa mlango wa pili anaweza kumpeleka, lakini mchana anakwenda hospitali kusafishwa damu. Lantern Hill inakaa na watoto mpaka saa kumi na moja. Halafu kuna jambo la pili. Chekechea ya hapa mwaka jana imepita mikononi mwa walimu wanne wa muda. Mtoto wa ghorofa ya juu amemaliza mwaka mzima na hajui kuandika jina lake. Jina lenyewe ni Leo, Baba. Herufi tatu.

Kazini simu tunafungia kwenye makabati ya chuma, haziruhusiwi kwenye chumba cha mashine za kufulia. Kwa hiyo kwenye fomu nimeandika namba yangu kwanza, na ya pili nikaweka yako ya mezani, kwa kuwa wewe huendi popote. Wakipiga, pokea tu ujumbe.

Binti yako,
Vonda


Sardis Fork
13 Februari 2012

Vonda wangu,

Salamu, na goti linakusalimu pia, limepakwa mafuta na sasa linanuka kama duka la mitishamba. Natumaini mnapumua vizuri huko kwenye moshi.

"Huendi popote." Ahsante sana. Mtu analea binti, anamsomesha, halafu binti anamwandika kwenye fomu ya serikali kama kitasa cha mlango. Nitailinda simu. Nimeisogeza karibu na kiti, nimeifuta vumbi.

Ila hilo la ndugu wanaopita kwanza limenikera. Wewe ungekuwa umezaa wawili kama mama yako alivyokushauri, mmoja angemvuta mwenzake. Je, huwezi kuazima kaka? Hapa kwetu kuna wajukuu wa Bi Odessa Pruitt watano, wote wanakula kama mchwa, atakupa hata wawili na nauli juu.

Nipe habari siku ya pipa.

Baba yako,
Ezell


Filadelfia
25 Machi 2012

Baba,

Shikamoo. Tu wazima. Nimechoka kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Pipa lilikuwa jana kwenye ukumbi wa michezo. Viti vilijaa, watu wakakaa sakafuni, wengine na watoto wao, ingawa tuliambiwa tusiwalete. Mimi nilimwacha Karanga kwa Bi Bernadine. Nilishukuru. Baada ya ndugu kuchukua vyao vilibaki viti thelathini na vitatu, na majina pipani yalizidi mia tano. Mwanamume mwenye tai ya manjano alikuwa anazungusha, mama mmoja anasoma. Ukisikia jina la mwanao unaruka. Wengine wote wanakutazama na kupiga makofi, na makofi yale, Baba, unayasikia jinsi yalivyo mazito.

Jirani yangu pale sakafuni alikuwa na mapacha. Likasomwa jina la mmoja. Wa pili akapita papo hapo kwa kuwa sasa ana ndugu ndani. Viti viwili kwa karatasi moja. Alinikumbatia mimi, mtu asiyemjua, akalia begani kwangu. Nikampigapiga mgongoni.

Viti vilipokwisha waliendelea kuchomoa, sasa kwa ajili ya orodha. Karanga ni namba arobaini na moja. Wakipata nafasi wanapiga simu kwa kufuata namba. Una mpaka kesho yake kukubali. Mwaka ukiisha orodha inatupwa na kila mtu anaanza upya.

Karanga aliuliza kama tumeshinda. Nikamwambia tuko kwenye foleni. Akasema foleni si mbaya, mbele kunaweza kuwa na aiskrimu.

Binti yako,
Vonda


Sardis Fork
2 Aprili 2012

Binti yangu,

Pole. Kula, kisha lala, kisha usome barua hii.

Mimi nimelitazama jambo hili kiutu uzima. Mbele ya Karanga kuna watoto arobaini. Hatuwezi kuwaombea mabaya, mama yako angefufuka anichape. Kwa hiyo nimewaombea mema, lakini mbali. Jumapili mchungaji aliuliza nani ana ombi. Nikasimama na goti langu, nikasema, "Naomba Bwana awabariki wazazi wa watoto arobaini wa Filadelfia kwa kazi nono, zenye mishahara mikubwa, huko Alaska."

Mchungaji akaniuliza, "Ndugu Tolliver, kwa nini Alaska?"

"Ni mbali, mchungaji. Hawataweza kumrudisha mtoto kila asubuhi."

Bi Odessa alicheka mpaka kofia ikamtoka. Sasa tutaomba kila Jumapili. Nipe taarifa wanavyohama.

Baba yako,
Ezell


Filadelfia
30 Juni 2012

Baba mpendwa,

Shikamoo wewe na goti. Hapa joto, lakini tu wazima.

Maombi yako yanafanya kazi nusu nusu. Nilipiga shuleni, Karanga sasa amesogea mpaka wa ishirini na tisa. Mama wa ofisini, anaitwa Bi Prather, ni mpole. Aliniambia nisijipe matumaini makubwa. Waliopata viti wamevishika kwa meno, na mwaka jana walifika ishirini wakasimama. Nimeshamwandikisha Karanga shule ya mtaani, ili asikose vyote. Hilo la mchana bado sijui nitalifanyaje.

Ukweli nimeacha kuiwaza. Nikiiwaza silali.

Binti yako,
Vonda


Sardis Fork
18 Agosti 2012

Vonda wangu,

Salamu nyingi kuliko mbu wa hapa. Mimi mzima, na leo najisikia kijana, kwa sababu nimemshinda mwizi.

Ngoja nikusimulie. Unajua kila Jumatano kanisa linatulisha sisi wazee chakula cha mchana. Mimi hufuata kuku na mkate wa mahindi, sifuati kingine. Mwezi uliopita wakatuletea askari wa kaunti, kijana hata ndevu hajamaliza kuota, atufundishe habari za matapeli wa simu. Bi Hattie wa njia ya mtoni walishamliza. Kijana akasema hivi: watakutajia mjukuu kwa jina. Watakwambia ana bahati, au ana shida. Watakuharakisha, mpaka kesho, mpaka saa fulani. Kisha wataomba vyeti. Ukisikia hayo, usiseme ndiyo kwa lolote, waambie wakufute kwenye orodha yao, sheria inawalazimisha.

Haya. Juzi Alhamisi, mchana, simu hiyo. Mwanamke, sauti tamu kama asali ya dukani.

"Habari za mchana, bwana. Naweza kuongea na mzazi au mlezi wa Kamiya Tolliver?"

Nikasema, "Inategemea kafanya nini."

Akacheka! "Hajafanya baya lolote. Nina habari njema, bwana. Zamu yake imefika, amepata nafasi. Ila nahitaji jibu kabla ya kesho saa kumi, na cheti chake cha kuzaliwa, na bili ya umeme, na kadi ya chanjo..."

Vonda, yule askari angekuwepo angelia kwa furaha. Jina la mjukuu, tena lile la kwenye cheti, lipo. Bahati, ipo. Kesho saa kumi, ipo. Vyeti, vitatu! Nikamwambia, "Mama, pole sana, umechelewa. Mtoto na mama yake wamehamia Alaska. Wanafuga sili wa baharini."

"Alaska? Hapa nina anwani ya Filadelfia."

Hata Filadelfia anaijua! "Walikuwepo," nikamwambia. "Sasa wafute kwenye orodha yako, na usipige tena hapa."

Akaniuliza, "Una hakika, bwana? Nikishafuta siwezi kurudisha."

"Mama, sijawahi kuwa na hakika kama leo."

Nikaweka simu chini, nikajikatia kipande cha pai. Nakiri, shule yako ilinipitia kichwani. Lakini wewe uliniambia mko ishirini na tisa na watu wameng'ang'ania. Halafu, mwanangu, tangu nizaliwe sijaona mtu wa shule akipiga simu nyumbani kuleta habari njema. Ndipo nikajua ni mwizi.

Jioni ileile niliwasimulia wazee wa kanisani, wakanipigia makofi. Sasa nikiona namba nisiyoijua sipokei kabisa.

Baba yako, askari wa kujitolea,
Ezell


Filadelfia
23 Agosti 2012

Baba,

Salamu. Karanga mzima.

Ile Alhamisi nilifungua kabati saa kumi, nikakuta Lantern Hill walinipigia mara mbili. Nilipiga hapohapo nimesimama, na sare mwilini. Bi Prather alishtuka kunisikia. Akaniambia, "Lakini tumeambiwa mmehama." Akanisomea alichoandika: familia imehamia Alaska, wameomba kufutwa.

Nilicheka, Baba. Nilikaa sakafuni pale mbele ya makabati nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama naumwa. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angesema Alaska.

Wenye viti tisa walikuwa wamejitoa wiki moja, na kati ya walio mbele yetu wengine hawakuleta vyeti, wengine hawakupokea, ndiyo maana foleni ilikimbia. Kiti alipewa namba thelathini, aliyekuwa nyuma yetu. Mama yake alipokea simu mlio wa kwanza. Nilimsihi Bi Prather, akasema angeweza tu kuniweka mwishoni. Mwishoni ni zaidi ya mia mbili. Si kosa lake. Alikuuliza kama una hakika.

Kesho yake nilikupigia mara tatu kutoka simu ya kazini. Hukupokea. Umefundishika vizuri.

Barua yako imefika leo. Nimeisoma ngazini.

Uliomba familia zihamie Alaska. Basi, moja imehama.

Vonda


Sardis Fork
29 Agosti 2012

Vonda,

Sina salamu ya kuchekesha.

Nimekaa na barua yako tangu jana. Nimeandika hii mara nne, tatu zimo jikoni kwenye jiko. Niandikie chochote. Nitukane, nitaisoma na miwani.

Baba yako


Sardis Fork
24 Septemba 2012

Binti yangu,

Natumaini mu wazima. Shule zimefunguliwa, na sijui mchana Karanga anachukuliwa na nani. Naamka saa nane na nusu kutoka usingizi wa mchana nikiwaza hilo.

Nimepiga simu Lantern Hill mwenyewe. Nilimpata huyo Bi Prather. Nikamwambia, "Mama, ni mimi yule mzee wa sili." Nikamweleza yote, askari, kuku, Bi Hattie. Nikamwambia mtoto asiadhibiwe kwa ujinga wa babu, wanifute mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wapo wengi, bwana, kuna waliokosa kwa sababu simu ilikatwa, kuna aliyekuwa leba. Akisharudi nyuma kwa mmoja atarudi kwa wote. Nikakubali, kwa sababu nisingependa namba thelathini anyang'anywe.

Mwisho akaniuliza, bila ubaya, Alaska kukoje. Nikamwambia kuna baridi.

Baba yako,
Ezell


Sardis Fork
18 Novemba 2012

Vonda wangu,

Salamu, kama bado unazipokea. Nimekutumia sanduku la kokwa za pekani za mti wa nyuma, kwa Sikukuu ya Shukrani. Nimezibangua mwenyewe, vidole vimekuwa vyeusi kama vya fundi. Mwambie Karanga asile zote siku moja.

Huku hakuna jipya, ila sasa napokea kila simu. Kila moja. Askari wa kaunti alinikemea Jumatano, akasema nawaharibia somo. Nikamwambia anipishe nile kuku wangu. Jumanne kijana mmoja alinipigia kuniuzia bima ya gari. Gari sina tangu macho yaanze ukungu, unajua. Nikamwacha aseme. Akasema, akasema, mpaka akafika mwisho, hajui la kufanya. Nadhani hajawahi kufika mwisho.

Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe hutoki shule yoyote?"

Akasema, "Hapana, bwana, natoka kampuni ya bima."

Nikamwambia ahsante kwa kupiga.

Si kwamba nategemea kitu. Najua orodha inatupwa. Ila ikilia mkono unakwenda wenyewe.

Baba yako, niko hapahapa, siendi popote,
Ezell


Filadelfia
3 Februari 2013

Baba yangu,

Shikamoo. Goti likoje? Hapa theluji mpaka kwenye ngazi, sisi hatujambo.

Usidhani nilinuna miezi yote hii. Septemba nilinuna, nikwambie ukweli. Baadaye ulikuwa uchovu. Niliomba zamu fupi ili nitoke saa nane nimuwahi Karanga getini, wakanipa, lakini kwa sharti nifanye Jumamosi na Jumapili. Sijapata siku yangu hata moja tangu shule zifunguliwe. Siku hizo mbili yuko kwa Bi Bernadine, wanalala wote wawili mbele ya televisheni. Barua zako nilizisoma zote. Kila nikishika kalamu nasinzia.

Pekani zilikwisha siku moja. Alizila yeye.

Darasani wako kwenye mwalimu wa tatu. Namfundisha mwenyewe kwenye basi, kwa vibao vya barabarani. Anasoma SIMAMA na anasoma DUKA. Amewaambia wenzake babu yake anafuga sili, anauliza tutahamia lini. Nimemwambia tuko kwenye foleni.

Jana usiku nimejaza tena fomu ya Lantern Hill. Kwa darasa la kwanza hakuna viti vipya, wanajaza vya walioondoka tu. Bi Prather anakisia vitano. Pipa ni Machi, na safari hii sitakwenda kukaa sakafuni, watanitumia namba kwa posta.

Nilipofika kwenye sehemu ya namba ya pili nilisimama kidogo. Bi Bernadine haisikii simu yake. Msimamizi hataki tumwandike. Nikaandika yako, ileile.

Ikilia, pokea. Hata kama ni mwizi, Baba, mwache amalize.

Binti yako,
Vonda